Mutoto Asiyekunja Uso

Bwembya alipokataa kupanda mutumbwi, watu waliokuwa wakipanga samaki kwenye ukingo wa ziwa pale Nchelenge waliacha kazi kwanza, halafu wakacheka.

Baba yake, Lackson Nkonde, alikuwa amekwisha kusimama nyuma na upondo mukononi. Wavu ulikuwa umekunjwa katikati vile anavyopenda, maboya yote upande mumoja, na juu yake rungu la kutumpula. Kutumpula ni kazi ya watu wawili. Mumoja anazungusha wavu karibu na matete, mwingine anasimama majini mpaka kiuno na kupiga maji kwa rungu, pu, pu, pu, samaki washituke na kukimbilia wavuni. Anayesimama majini ni mutoto. Wababa wote wa pale walianza vile, na Lackson mwenyewe alikuwa bado na alama ya rungu kwenye kiganja.

"Ingia, twende," akasema.

"Tata, maji ya kule kwenye matete makubwa yamelazwa."

Kila muvuvi alijua maana yake. Mamba akionekana mahali, muzee wa wavuvi anakwenda kutupa unga wa muhogo majini, na tangu siku ile hakuna wa kuingia mpaka yeye mwenyewe aseme maji yameamka. Muzee Kafula alikuwa ametupa unga juma lile. Mbwa mumoja alichukuliwa akinywa maji, na wavu wa watu wa Puta ulipasuliwa kama kitambaa cha zamani. Lakini Lackson alikuwa mutu wa kanisa. Kwake unga wa Kafula ulikuwa chakula cha mizimu, na mutoto wa Mukristo hawezi kuushika kama sheria.

"Nani ameyalaza?" akauliza kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Maji ni mutoto wa kubebwa mugongoni?"

"Nilimuona, tata. Siku ya pili ya juma hili, asubuhi. Alikuwa na urefu wa mutumbwi huu."

Hapo ndipo Kabwe, mupakizi wa samaki wa kwenda Kasenga, alipoinua kichwa kutoka kwenye kikapu chake. Kabwe hakuwa mutu mubaya, ila mudomo wake haukujua kupumzika. "Muzee wa kanisa," akasema, "muombe mutoto ruhusa polepole. Labda kesho atakukubalia."

Wanawake walicheka mpaka mumoja akaangusha kisu chake. Lackson akaweka upondo chini taratibu, kama mutu anayeweka yai. Akashuka, akamushika Bwembya mukono, wakapanda njia ya nyumbani. Nyuma yao kicheko kiliendelea kidogo, halafu kikaisha chenyewe.

*

Kila siku ya ine ya juma, baada ya kazi, wababa walikuwa wakikutana kanisani kusikia mafundisho ya kulea watoto wanaume. Aliyefundisha ni muhubiri Patson, mutu wa sauti laini, mwembamba, aliyefua kola yake mwenyewe na kuianika ndani ili vumbi lisiiguse. Mwana wake wa kwanza alikuwa amekwenda kwenye miji ya migodi na hakurudisha hata salamu. Patson hakulificha jambo lile. "Nilimuuliza sana mwanangu anataka nini," aliwaambia wababa. "Nilimuuliza mpaka akajua kwamba mimi sijui."

Basi aliwafundisha njia nyingine. Mutoto mwanaume asikie mara moja. Asiulize sababu. Na asikunje uso, kwa maana uso uliokunjwa ni uasi uliojificha, na baba asiridhike na mikono ya mutoto kama uso bado unabisha. Juu ya wajomba kuamua mambo ya mutoto alisema kwamba ilikuwa desturi ya giza; kwa Wakristo mutoto ni wa baba. Alisoma neno linaloambiwa watoto, wawatii wazazi. Neno linaloambiwa wababa, wasiwachokoze watoto wao, ambalo liko palepale chini yake, hakulifikia. Wakati ulikuwa umekwisha na taa ilikuwa inatoa moshi.

Lackson alikaa mbele kila siku ya ine. Katika mukutano mukubwa uliokuwa unakaribia angewekewa mikono awe muzee wa kanisa, na Patson alikuwa amemuambia waziwazi, si kwa ubaya, kwamba muzee ni mutu ambaye nyumba yake inamusikia. Habari za kicheko cha kwenye ukingo zilimufikia Patson hata kabla jua halijafika utosini. Alimuita Lackson pembeni, akamuuliza jambo moja tu: kama angependa jina lake lingoje mukutano mwingine.

Lackson akasema hapana. Nyumba itasikia.

*

Felistus, muke wake, alikuwa uani akimenya muhogo uliolowekwa. Alisikia kamba ya wavu ndani ya nyumba, na baada ya kila pigo alisikia sauti ya mume wake ikisema neno lilelile, bila hasira: "Fungua uso." Akaendelea kumenya. Maganda yalikuwa yanaanguka nje ya beseni na yeye hakuyaokota. Mwisho kamba ikaachwa, na sauti ya Bwembya ikasema, "Asante, tata."

Alipomukanda mugongo kwa maji ya chumvi, akamuuliza kama inauma. Mutoto aligeuza kichwa kumutafuta baba yake kwanza, aone jibu gani linatakiwa.

Ilikwenda vile siku nyingi. Lackson hakuwa mulevi wala mutu wa kelele. Alimupiga mutoto kidogokidogo, kwa mpango, na kila mara akamuombea. Bwembya aliyekuwa anabishana na mama yake juu ya chumvi ya mboga ya sombe, aliyejua jina la kila ndege wa matete, akawa anakula akiambiwa kula, anaacha akiambiwa acha. Siku moja Felistus alisahau kumuambia aache. Alimukuta anakwangua chungu kitupu kwa kidole, uso laini, mate yamekauka mudomoni.

Akamutumia kaka yake habari. Alimupa ujumbe mwanamuke wa biashara aliyekuwa anavuka kwenda kisiwa cha Chisenga, na hakumuambia mume wake.

*

Chalwe alifika na mutumbwi wake mwenyewe, na samaki wa kukaushwa kwa moshi waliofungwa kwenye majani, zawadi ya dada yake. Yeye alikuwa yama wa Bwembya, kaka wa mama, na kwa ukoo wao neno la yama ndilo lililokuwa zito juu ya mutoto tangu zamani. Alikuwa mutu munene, amebatizwa, anayekaa kanisani kwenye benchi la mwisho ili akichoka atoke.

Walikula bukari ya unga wa muhogo kwanza. Baada ya kunawa, Chalwe akasema hakuja kumunyang'anya mutu mutoto. Alisikia maji yamelazwa, na kisiwani kuna nyavu nyingi za kushona. Bwembya aje akae naye mpaka muzee Kafula aseme maji yameamka. Ndiyo tu.

"Akienda sasa, mulamu," Lackson akamujibu shemeji yake, "watu watasema nimeshindwa naye."

"Watasema amekwenda kwa yama yake. Hiyo ni habari ya kumushangaza nani?"

"Ile ilikuwa zamani. Sasa tuna mafundisho."

Chalwe akacheka kidogo, akasema hata yeye anayasikia mafundisho, ingawa kutoka kule nyuma mengine hayamufikii. Felistus akaomba kwa sauti ya chini waache kubishana juu ya kichwa cha mutoto, wamuulize mwenyewe. Lackson akamutazama muke wake, halafu akakubali, jambo ambalo lilimushitua. Akamuita Bwembya aliyekuwa amekaa karibu na mulango.

"Yama yako anataka kwenda nawe kisiwani. Wewe unataka nini?"

Felistus akasogea mbele. Alikuwa anajua vile mutoto alivyopenda kisiwa.

"Ninataka vile unataka, tata."

Uso wake ulikuwa laini kama sahani iliyooshwa. Lackson akafurahi wazi, akamushika bega. Chalwe akaacha kucheka. Alimutazama mutoto muda murefu, kama anayetazama wavu wake mwenyewe ndani ya mutumbwi wa mutu mwingine.

"Huyu njo yule aliyeniambia wavu wangu umefungwa vibaya?" akamuuliza dada yake. "Aliniambia mbele ya watu wangu wote. Na kweli ulikuwa vibaya."

Aliondoka muchana uleule. Lackson akamusindikiza mpaka ukingoni kwa heshima yote, na aliporudi akamuita Bwembya.

"Habari za yule munyama zimekwisha. Jina lake lisitoke tena mudomoni mwako. Ukiwa kwenye mutumbwi wangu, hata uone nini, unafunga mudomo na kufanya kazi. Umesikia?"

"Ndiyo, tata."

"Unataka kujua sababu?"

"Hapana, tata."

Lackson alimuambia Felistus kwamba kazi ya Mungu imeonekana ndani ya nyumba yao. Felistus alikuwa anakunja nguo. Alizikunja zote, akazikunjua, akaanza tena.

*

Wageni wa mukutano wakaanza kufika, wengine kwa muguu kutoka Puta, wengine kwa lori la samaki. Lackson alikuwa ameahidi samaki wa chakula cha wote. Lakini kwenye maji ya wazi upepo ulikuwa unavuruga nyavu, na kila mutumbwi ulirudi na samaki wadogo wasiojaza hata kikapu. Palibaki mahali pamoja ambapo samaki walikuwa wengi, kwa kuwa tangu unga ulipotupwa hakuna mutu aliyewagusa.

Siku iliyotangulia mukutano, Felistus akamufuata mume wake mpaka kwenye mutumbwi na sufuria bado mukononi. Akamuambia wageni watakula sombe na watashukuru. Lackson akamujibu bila ukali, karibu kwa huruma.

"Mama Bwembya, nikiyapita matete yale bila kuingia, kesho wakiniwekea mikono nitakuwa nimewaambia nini? Kwamba ninamuogopa Mungu, lakini unga wa Kafula ninauogopa zaidi?"

Muzee Kafula mwenyewe alikuwa amekaa karibu anasokota kamba juu ya paja. Akaacha kusokota. "Mwanangu," akasema, "uchukie unga wangu. Uutemee mate ukitaka. Lakini usiingie. Mimi ninautupa ili watu wakumbuke, kwa sababu watu wanasahau upesi, na yule hasahau."

Lackson akamusalimu muzee kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, akasukuma mutumbwi. Bwembya alikuwa amekaa mbele na rungu kwenye magoti. Mama yake alimuita jina mara moja. Mutoto aligeuka, akamutazama baba yake, halafu akatazama mbele.

Kwenye matete maji yalikuwa yametulia, ya rangi ya chai. Korongo mweupe akaruka, akazunguka, na hakurudi kutua. Bwembya alimuona. Lackson akazungusha wavu, akamuambia aingie, na Bwembya akaingia mara ile, maji yakamufika kiunoni, akaanza kupiga. Pu, pu, pu. Samaki wakaja kama mvua. Wavu ulitikisika kutoka mwanzo mpaka mwisho, na Lackson akaanza kuimba wimbo wa kanisa, kwa kuwa sasa ilikuwa wazi kwamba yeye ndiye aliyesema kweli.

Halafu, nusu ya wavu ikiwa imekwisha kuvutwa ndani ya mutumbwi, nusu nyingine ikashikwa na kisiki chini. Lackson hakuwa baba wa kumutuma mutoto mahali pazito. Alimuambia Bwembya apande mutumbwi, aushike imara, na yeye mwenyewe akashuka upande wa matete, akainama, mukono wake wa kuume ndani ya maji mpaka begani, akitafuta kisiki kwa vidole.

Bwembya akaona mustari majini. Ulitoka kwenye matete na ulikuwa unakwenda kinyume cha upepo. Mbele ya mustari palikuwa na vitu viwili vidogo, vyeusi, kama mbegu mbili zinazoelea pamoja bila kuachana.

Neno likamufika kooni. Alilisikia pale, na mudomo wake ulikuwa umekwisha kufunguka. Mugongo wake ukakumbuka. Akautazama mugongo wa baba yake uliokuwa unang'aa kwa maji, akautazama mustari, akafunga mudomo, akafungua uso, akashika mutumbwi imara kama alivyoambiwa. Mbegu mbili zikazama.

Lackson alivutwa mara moja, kidevu kikapiga maji. Akashika ukingo wa mutumbwi kwa mukono wa kushoto. "Bwembya," akaita, "piga. Piga."

Na Bwembya akapiga. Hakungoja hata pumzi moja. Alipiga kwa rungu la kutumpula palepale kwenye macho ya yule munyama, mara ya kwanza mpaka ya mwisho bila kukosa, kwa nguvu ambayo baba yake hakujua anayo, mpaka maji yakageuka na uzito ukaachia. Akamuvuta ndani juu ya samaki waliokuwa bado wanarukaruka. Akachukua upondo. Njiani Lackson, kabla macho yake hayajafumba, aliuona uso wa mutoto juu yake, hauna hata mukunjo mumoja.

*

Lori la samaki lilimupeleka hospitali, amelazwa kati ya vikapu, kichwa kwenye magoti ya Felistus. Kule walimukata mukono juu ya kiwiko. Mukutano uliendelea, wakamuombea, wakala sombe.

Aliporudi nyumbani, Patson alikuja kumuona. Alikaa kwenye kiti karibu na mukeka, kofia juu ya goti, akasema maneno ya faraja, na akasema mikono itawekwa tu, kanisa limekubali. Halafu akamugeukia Bwembya. Alitaka kumusifu. Alisema watu wote wanajua sasa vile mutoto alivyomuokoa baba yake. Akamuuliza, kama mutu anayetaka hadithi nzima, alimuona yule mamba wakati gani.

"Alipotoka kwenye matete."

"Mbali?"

"Mbali kidogo, muhubiri. Kama pale kwenye jiko la mama."

Wote wakatazama jiko. Lilikuwa ng'ambo ya ua. Mutu angeweza kutoka pale, akatembea polepole mpaka walipokaa, na kuku wakamupisha njiani.

"Na hukumuita baba?"

"Hapana, muhubiri."

"Kwa nini?"

"Tata alikataza."

Alisema bila uchungu, bila kumulaumu mutu, kama mwanafunzi anayejibu fundisho alilolishika vizuri. Patson akaizungusha kofia kwenye goti. Akaizungusha tena. Aliomba maombi mafupi sana, akaenda, na siku ya ine iliyofuata wababa waliokuja kanisani walikuta mulango umefungwa.

Walimuwekea Lackson mikono mvua ya kwanza ilipokuwa karibu. Mukono mutupu wa koti ulikuwa umepachikwa kwa pini. Baada ya ibada wanawake walimuzunguka Felistus, wakamusifu mutoto wake, utulivu wake, heshima yake. Mumoja alisema angetoa kitu chochote kupata mwana wa namna ile. Felistus akamuambia, "Usiseme vile, mwenzangu," na mwanamuke akafikiri ni unyenyekevu.

*

Chalwe alikuja tena maji yalipoamka. Safari hii ni Lackson aliyemuita. Mutumbwi ulikuwa unangoja ukingoni, Kafula ameushika, Kabwe na majirani walikuwa wamekuja uani kuaga, na Felistus alikuwa amefunga nguo za mutoto kwenye kitambaa. Lackson alikaa kwenye kizingiti. Alikuwa amekonda, na mukono uliobaki haukujua mahali pa kukaa.

"Bwembya. Yama yako amekuja. Unataka kwenda kisiwani, ao unataka kubaki?"

"Vile unataka, tata."

"Mimi ninataka useme wewe."

Mutoto alimutazama baba yake usoni, kwa makini, akitafuta ni neno gani kati ya yale mawili.

"Hutaki kwenda? Sema. Unataka? Sema. Sitakupiga." Sauti ya Lackson ikavunjika, na Chalwe akageuka kutazama ziwa. "Nilikukosea, mwanangu. Nibishie, hata mara moja. Mbele ya hawa wote, mbele ya Kabwe, acha wacheke. Nikatalie."

"Ndiyo, tata," akasema Bwembya.

Akasimama pale na kitambaa chake cha nguo, uso laini, akingoja aambiwe akatae nini.